Malalamiko kuhusu nakala 24 za vitabu, na mhuri uliogongwa juu ya ukurasa wa jina

Kamati ya Maktaba,
Kondele,
Kisumu.
19 Mei 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Vitabu vya Kitaaluma,
Nairobi.

Mheshimiwa Meneja,

MINTARAFU: VITABU VYA FALSAFA, DINI, FASIHI NA HISTORIA YA MIJI

Pokea salamu kutoka Kisumu. Ankara yetu mnayo, na masharti yenu ya kurejesha bidhaa mnayajua kuliko sisi, kwa hiyo sitayanukuu hapa. Ninaandika kwa sababu tarehe 6 Mei, kwenye kaunta ya tawi lenu la hapa mjini, karani wenu aligonga mhuri wa wino wa zambarau wenye maneno "BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI" katikati ya ukurasa wa jina wa kitabu cha falsafa. Hakugonga risiti. Hakugonga ankara. Aligonga kitabu chenyewe, juu ya jina la mwandishi, akakifunga kabla wino haujakauka, akamsukumia mkutubi wetu.

Nitarudi hapo. Kwanza vitabu, maana tumeambiwa kwamba tunalalamikia mambo madogo.

Kitabu hicho cha falsafa ni kile cha Henry Odera Oruka kuhusu wazee wenye hekima, kilichochapishwa Leiden mwaka 1990. Uzito wake uko kwenye mahojiano. Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, aliwaendea wazee kama Paul Mbuya Akoko, akawauliza na kuwabana watetee majibu yao, ili kuwajibu waliodai kwamba palipokosekana maandishi pana mila tu, hapana falsafa. Ukikisoma bila mahojiano, umesoma dai bila ushahidi wake.

Katika nakala 4 kati ya 6 mlizotuuzia, baada ya ukurasa wa 128 unakuja ukurasa wa 113. Kurasa 113 hadi 128 zimo mara mbili, na 129 hadi 144 hazimo kabisa. Anayeijua kazi ya kujalidi hahitaji kuuliza kilichotokea. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu huzaa mkunjo wa kurasa 16. Kurasa za mwanzo zenye nambari za Kirumi zina mkunjo wao, kisha hesabu inaanza: 113 hadi 128 ni mkunjo wa nane, 129 hadi 144 ni wa tisa. Mkusanyaji aliokota wa nane mara mbili na kuuruka wa tisa. Idadi ya kurasa haikubadilika, unene haukubadilika, hata mizani haiwezi kuonyesha kosa. Ndiyo sababu viwanda makini hupiga alama nyeusi kwenye mgongo wa kila mkunjo, alama zinazoshuka kama ngazi, ili mkunjo ukirudiwa au ukirukwa ngazi ivunjike na jicho lione kabla ya gundi kumwagwa. Hapa hakuna aliyetazama, si kiwandani wala kwenye ghala lenu.

Na bado tawi lenu lilituandikia kwamba "huenda kurasa zilichanwa na wasomaji". Aliyechana kurasa 16 angeacha vishina kwenye mgongo, na kitabu kingepungua. Msomaji gani huyo anayechana kurasa 16 kisha akajalidi nyingine 16 mahali pake?

Kitabu cha dini ni cha John Mbiti, yule aliyechukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za hoja yake kuhusu wakati katika fikra za Kiafrika. Tuliagiza toleo la pili la mwaka 1990 lililorekebishwa, na ankara yenu inasema hivyo. Jalada nalo linasema hivyo. Ndani, nyuma ya ukurasa wa jina, kuna mwaka mmoja tu, 1969, na maandishi ni ya toleo la kwanza. Mtu aliyelibandika toleo la zamani jalada la toleo jipya alijua anachofanya. Hoja ile ya wakati imepingwa na kutetewa kwa zaidi ya miaka 50, na wahakiki hutaja ukurasa na toleo. Msomaji akipewa ukurasa wa toleo la 1990 halafu akafungua lile la 1969, anatafuta sentensi ambayo haipo hapo, na mwishowe anamdhania mhakiki ni mwongo.

Cha fasihi ndicho kilichotuumiza zaidi kukitazama. Kinakusanya tendi za Lamu na Pate: upande mmoja picha za miswada ya hati ya Kiarabu, upande wa pili herufi za Kirumi, Utendi wa Mwana Kupona ukiwemo. Picha zimeskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu, na nukta zimekufa. Ba ina nukta moja chini, ta ina mbili juu, tha ina tatu juu. Ukizifuta, herufi hizo zinabaki bakuli moja tupu, na msomaji hajui kama neno linaanza kwa b au kwa t. Miswada ya aina hii huskaniwa kwa kijivu au rangi, angalau nukta 300 kwa inchi, na 600 ni bora. Isitoshe, kisu cha kukatia kimekula karibu sentimita nzima upande wa kulia. Kwa herufi za Kirumi hapo ni mwisho wa mstari. Kwa hati ya Kiarabu hapo ndipo mstari unapoanzia! Kila mstari wa Mwana Kupona katika nakala zenu umekatwa kichwa, na mizani 8, yaani silabi 8, za kila kipande hazihesabiki tena. Wosia wa mama kwa binti yake umefanyiwa hivyo.

Cha historia ya utamaduni wa miji ya ziwani hakina faharasa, ile orodha ya majina na mada yenye nambari za kurasa zake. Yaliyomo yanaitaja, sura ya mwisho inaishia katikati ya tanbihi, kisha jalada. Ninyi mnaouza vitabu vya kitaaluma mnajua faharasa ni nini: anayetaka kujua habari za mtaa wa Kaloleni, au siku ambazo Kisumu ilikuwa Port Florence baada ya reli kufika mwaka 1901, haanzi ukurasa wa kwanza. Ramani ya kukunjua iliyotajwa kwenye utangulizi haipo, na mfuko wake kwenye jalada la nyuma haupo pia. Tuliijaribu nambari ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, iliyo nyuma kwa njia ya kawaida: tarakimu ya kwanza mara 1, ya pili mara 3, ya tatu mara 1, hivyo hadi ya 13, halafu unajumlisha. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila baki. Haikugawanyika. Nambari iliyo ndani, kwenye ukurasa wa hakimiliki, ni nyingine, na hiyo inagawanyika. Kwa maoni yetu nakala hizi 6 ni bandia, fotokopi iliyokatishwa kabla ya faharasa ili kuokoa karatasi, na mmetuuzia kwa bei ya halali, shilingi 3,800 kila kimoja.

Sasa narudi kaunta, kwa sababu barua yenu ya tarehe 12 Mei inaliita tukio lile "kutoelewana kidogo".

Mkutubi wetu ni mwalimu mstaafu. Kondele nzima humwita Mwalimu, wakubwa kwa wadogo. Alifika saa tatu asubuhi na nakala moja ya kila aina kwenye kikapu, vijikaratasi vimewekwa kila penye kosa, na orodha ameiandika kwa mkono wake. Alisimama hadi saa tano kasoro. Zamu yake ilipofika, alifungua kitabu cha falsafa pale kwenye 128 na 113, akakigeuza kimwelekee karani. Karani hakuinua macho kutoka kwenye simu. Alisema, na waliokuwa foleni walisikia: "Mathe, hizi si vitabu za shule. Nani atajua peji zimepotea?" Mwalimu akamwambia kwa upole, "Mimi nimejua, mwanangu." Hapo ndipo karani alipovuta kibweta cha wino, akakirudisha kitabu hadi ukurasa wa jina, akagonga. Alibonyeza kwa kiganja, mhuri ukatelezea kidogo upande wa kushoto, ndiyo maana neno "HAIRUDISHWI" limejiandika mara mbili, moja juu ya jingine. Akakifunga. Wino ukahamia ukurasa wa pili, na leo maneno yale yanasomeka huko kinyumenyume, juu ya jina la mchapishaji. Vijikaratasi vyote vilianguka sakafuni. Mwalimu aliinama akaviokota mwenyewe, kimoja kimoja, huku karani akiita, "Next!"

Huko ndiko kutoelewana kidogo. Mwanamke aliyefundisha watoto wa mji huu kuandika aliokota karatasi sakafuni mbele ya watu, na meneja wa tawi alikuwa nyuma ya kioo, anatazama.

Nisisahau katoni, ingawa zilitangulia. Zilifika tarehe 27 Machi zikiwa zimelowa chini, na mwezi mzima kabla ya hapo tulikuwa tunapigiwa simu kwamba "ziko njiani". Hatukuzitaja mapema kwa sababu tuliamua kuvumilia. Tulisimamisha vitabu vilivyolowa wima, kurasa zimetanuliwa, karatasi ya kufyonza maji katikati, kivulini penye upepo, siku nne. Kurasa za picha, zenye karatasi inayong'aa, zilikwisha gandamana: karatasi ya aina hiyo ikikauka ikiwa imefungwa haiachani tena, ukiivuta inang'oka na picha. Risiti ya usafirishaji tuliyolipia, shilingi 1,850, inasema "kavu".

Tulipoandika mara ya kwanza, Aprili, tuliomba jambo dogo: mbadilishe nakala zenye kasoro. Hamkujibu hadi Mei. Sasa tunaomba zaidi, na naomba mlisome hili kwa makini. Nakala 4 za falsafa zibadilishwe, na kila nakala mpya ifunguliwe na kukaguliwa kurasa kwa kurasa kabla haijatoka Nairobi. Nakala 6 za dini zibadilishwe kwa toleo halisi la 1990. Zile 6 za fasihi na 6 za historia ya miji hatutaki badala yake. Tunataka fedha zetu, shilingi 45,600, pamoja na 1,850 za usafiri. Kitabu kilichogongwa mhuri mtuletee kingine, na hicho chenye mhuri kitabaki kwetu. Karani na meneja wa tawi wamwandikie Mwalimu barua ya kumwomba radhi, kwa jina lake na kwa saini zao, wala isiwe barua ya kampuni isiyo na mtu ndani yake.

Nilikuwa nimeandika siku 14. Lakini nimeisoma tena barua yenu ya tarehe 12, na sioni kwa nini tuwape siku 14 watu waliochukua wiki sita kujibu. Siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, hatutazungumza tena habari ya kubadilisha: tutadai shilingi 91,200 zote katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Kisumu, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Dai letu litasimama kwenye Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, maana mlichoandika kwenye ankara sicho mlicholeta. Nakala moja ya kitabu cha historia ya miji, pamoja na hesabu yetu ya ISBN, itapelekwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, nao watauliza nakala hizo mlizitoa wapi. Swali hilo sisi tumeliuliza mara tatu bila jibu.

Orodha kamili ya kasoro, nakala kwa nakala, imeambatishwa, pamoja na picha za kurasa 128 na 113 zikiwa zimekabiliana.

Siku ya kesi Mwalimu atakuja na kitabu kile, na hakimu ataanza kwa ukurasa wa jina.

Wako mwaminifu,

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Maktaba

Nakala: Meneja wa tawi, Kisumu