Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa): tukiandika wilaya tunamaanisha ipi?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo na pole na majukumu.

Nakuandikia kuhusu kitu ambacho wengi wanakiona kidogo ila kinasumbua watu kila siku, hili neno wilaya kwenye fomu na nyaraka zetu za serikali. Kikatiba liko wazi kabisa, Ibara ya 2 inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengine, na kila wilaya ina Mkuu wa Wilaya anayeteuliwa na Rais, ndo mwenyekiti wa kamati ya usalama pale. Hapo hamna shida.

Shida inaanza kwenye halmashauri. Serikali za mitaa zilifutwa 1972 zikaja kurudishwa kwa sheria za 1982, na hizo sheria ziko mbili, Sura ya 287 ya mamlaka za wilaya na Sura ya 288 ya mamlaka za miji. Yaani huku neno wilaya linatumika kutofautisha halmashauri za vijijini na zile za mji, manispaa na jiji, sio lazima iwe ile wilaya yenye Mkuu wa Wilaya (DC). Kwa hiyo tuna neno moja rasmi kwa vitu viwili na mwananchi wa kawaida hajawahi kuelezwa.

Angalia Arusha. Jiji la Arusha liko Wilaya ya Arusha, sawa, sasa Halmashauri ya Wilaya ya Arusha iko wapi? Iko Wilaya ya Arumeru, pamoja na Halmashauri ya Wilaya ya Meru! Mtu akiambiwa aende "Arusha wilayani" aende wapi hapo? Kahama nako wilaya ni moja ila ndani yake kuna Manispaa ya Kahama, Halmashauri ya Wilaya ya Msalala na Halmashauri ya Wilaya ya Ushetu, na ukimtafuta Mkuu wa Wilaya ya Msalala humpati kwa sababu wilaya hiyo haipo. Chalinze iko ndani ya Wilaya ya Bagamoyo, Busokelo iko Rungwe, Madaba iko Songea. Tanzania Bara ina wilaya 139 na halmashauri 184, kwa hiyo hizi sio kesi mbili tatu za kusema tuziache tu.

Binamu yangu ni wa Msalala. Alikuwa anajaza maombi kwenye mfumo wa taasisi moja, fomu ina Mkoa, Wilaya, Kata, basi. Kwenye wilaya orodha inamletea Kahama tu, akachagua Kahama, ambayo ndo sahihi kabisa kwa sababu wilaya yake ni Kahama. Alaf akaambatanisha barua ya utambulisho ambayo juu imeandikwa kwa herufi kubwa HALMASHAURI YA WILAYA YA MSALALA. Maombi yakarudishwa, wanasema taarifa za makazi hazifanani. Alivyopiga simu akaambiwa arekebishe wilaya, na hiyo wilaya wanayoitaka kwenye orodha haimo. Huyu hajadanganya popote Mheshimiwa, barua yake ni sahihi na fomu yake ni sahihi, kilichomkwamisha ni neno.

Na hata kwenye huduma za kawaida ni hivohivo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inatoka kwenye mapato ya halmashauri, lakini mtu anasikia "mikopo ya wilayani" anaenda kukaa foleni kwa DC, anapoteza siku na nauli, anaambiwa nenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na kama ni mtu wa Ushetu ofisi ya Mkurugenzi wake haiko hata Kahama mjini.

Alaf kuna hii DC yenyewe, naona inaongeza mkanganyiko kuliko kitu kingine chochote. DC ni Mkuu wa Wilaya, kila mtu anajua, ila kwenye matangazo na orodha za vituo vya kazi tunaandika "Msalala DC", "Meru DC" tukimaanisha halmashauri ya wilaya, yaani District Council. Mwalimu mpya anayepangiwa "Arusha DC" anaweza kabisa kwenda kuripoti ofisi ambayo sio.

Naomba utoe mwongozo Mheshimiwa, najua ofisi yako inaweza. Fomu yoyote ya serikali inayouliza makazi iwe na sehemu mbili, wilaya peke yake na halmashauri peke yake, isiwe mtu anakisia. Jina la halmashauri liandikwe lote, Halmashauri ya Wilaya ya Meru, tuachane na hiyo DC kwenye majina. Barua za watendaji wa vijiji na kata ziongezwe mstari mmoja tu chini ya jina la halmashauri unaotaja wilaya ya kiutawala, hiyo haihitaji bajeti. Na iwepo orodha moja ya kata zote inayoonyesha kila kata iko halmashauri gani na wilaya gani, ambayo kila taasisi inayotengeneza mfumo italazimika kuitumia hiyohiyo, na siku eneo likigawanywa ibadilishwe siku ileile inapotangazwa.

Wako,
Mwananchi wa Wilaya ya Kahama, Halmashauri ya Wilaya ya Msalala