Matunda ya chokoleti Jumamosi

Habari za jioni wapendwa, na shikamooni mama zangu. Tunakutana kwangu saa 8 mchana kuchovya matunda kwenye chokoleti, kama tulivyokubaliana. Michango imetosha, asanteni.

Nasisitiza jambo moja: MAJI. Mara ya mwisho tone moja lilidondoka toka kwenye mfuniko, chokoleti nusu kilo ikashikana mabonge kama uji uliosahaulika. (Watoto waliifurahia, mimi nilitaka kulia.) Kwa hiyo stroberi zioshwe Ijumaa usiku na zifutwe moja moja kwa kitambaa. Nanasi ni sumbufu, linatoa maji hata baada ya kulifuta. Mimi naona bora tutumie lile lililokaushwa, na hukaa siku nyingi zaidi. Ya stroberi mbichi tule siku hiyohiyo au kesho yake.

Bakuli litakaa juu ya sufuria ya maji ya moto bila kuyagusa. Chokoleti nyeusi tutaipasha hadi nyuzi 45 au 50, tuipoze mpaka 28 hivi, kisha tuirudishe 31 au 32. Hapo ndipo inapong'aa na kukatika "ta!" ukiiuma. Ukiruka hatua hiyo inaganda na madoa meupe. Mwenye kipimajoto cha jikoni aje nacho, changu kimekufa.

Atakayepita soko la Mbuyuni asubuhi aniletee ndizi mbivu ngumungumu. Jamani, siyo mshare (zile ndizi za kupika), hatupiki mtori!

Vijiti vya mishikaki ninavyo.