Usilaumu kifurushi kabla hujakagua mtandao wa ndani ya nyumba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa huu tuzungumze na wasomaji ambao runinga zao janja huganda katikati ya mechi, nao wakashauriwa wanunue kifurushi cha intaneti chenye kasi zaidi. Mara nyingi ushauri huo hauwasaidii. Kasi inayoingia nyumbani huwa inatosha, ila hupotelea kati ya ruta na runinga. Runinga ya siku hizi ni kompyuta, na inagombea mawimbi yale yale na simu, kamera, taa na spika za nyumba nzima.

Tuanze na hesabu. Netflix inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p (HD kamili) na megabiti 15 kwa picha ya 4K, iliyo kali zaidi. Laini ya megabiti 40 inaweza kulisha runinga mbili za 4K na bado ikabaki na akiba. Kwa hiyo pima mara mbili: kwanza kwa kompyuta iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta, kisha kwenye runinga yenyewe, kwa kivinjari chake au kwa kipimo kilichomo ndani ya programu ya kutazamia. Ukipata 40 kwenye ruta na 6 kwenye runinga, mtoa huduma wako hana kosa, na kifurushi kikubwa hakitabadilisha ile 6.

Chanzo cha kawaida ni masafa. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri, lakini yana chaneli, yaani njia za mawimbi, tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Humo hubanana ruta za majirani, Bluetooth, vifaa vya Zigbee (redio ya taa na vihisio janja), hata oveni ya maikrowevu. Plagi janja, taa na kamera nyingi hazina redio ya gigahezi 5 kabisa, kwa hiyo ziacheni huko huko 2.4, na runinga ihamisheni kwenye 5. Kama ruta inatumia jina moja kwa masafa yote mawili, yape majina tofauti, maana runinga ikishashika 2.4 inapowashwa inaweza kung'ang'ania hapo siku nzima.

Kwenye gigahezi 5 chagua chaneli kati ya 36 na 48. Katika nchi nyingi chaneli za 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada. Ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, na kabla ya kurusha kwenye chaneli nyingine ya kundi hilo ni lazima isikilize kwa angalau sekunde 60. Hapo ndipo picha hukatika kwa dakika moja na kurudi yenyewe, na ukipima kasi baadaye unakuta kila kitu kiko sawa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba kwenye chaneli moja ya Wi-Fi vifaa husema kwa zamu. Kamera iliyo mwisho wa ua, yenye mawimbi hafifu, hutuma data polepole na zamu yake huwa ndefu; wakati huo kila kifaa kilicho kwenye chaneli hiyo kinangoja. Dawa ya runinga wakati mwingine ni kuisogeza kamera, au kuivutia waya. Programu za simu za kupima Wi-Fi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm: -67 au karibu zaidi na sifuri inafaa kwa video, -75 ni dhaifu. Pima pale pale runinga ilipo, si mlangoni.

Penye uwezekano wa kuvuta waya, vuta. Kebo ya mtandao ya daraja la Cat 5e hubeba gigabiti 1 hadi mita 100. Wengi hushtuka wakipima, kwa sababu tundu la waya la runinga nyingi ni la megabiti 100 tu, na kipimo hushuka kutoka 200 za Wi-Fi hadi 94. Msirudi kwenye Wi-Fi kwa ajili hiyo. Picha ya 4K ya mtandaoni haikaribii 94, na waya haugombaniwi na kifaa kingine. Anayeweza kubanwa ni yule mwenye diski yake ya nyumbani iliyojaa nakala za Blu-ray za 4K, ambazo kwa nukta fulani zinaweza kupita megabiti 100.

Wanaotumia kijiti cha kutazamia video, kile cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI la runinga, wakumbuke kwamba mgongo wa runinga huzuia mawimbi. Kipande kifupi cha kebo ya kurefusha HDMI, kinachokitoa kijiti pembeni, husaidia kuliko kununua ruta mpya. Diski ya USB 3.0 isikae karibu nacho, kwa kuwa USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye gigahezi 2.4.

Sasa upande wa kupakia, yaani kutuma data nje, ambao matangazo ya vifurushi huutaja kwa herufi ndogo. Kamera ya 1080p inayotuma picha nje mfululizo hula takriban megabiti 2. Kamera nne zinakula 8, na kama laini yako inapakia megabiti 10, imekaribia kujaa kabla simu hazijaanza kuhifadhi picha mtandaoni. Video ya intaneti huja vipande vipande vya sekunde chache, na runinga huomba kila kipande. Ombi likikwama kwenye foleni ndani ya ruta, programu hushusha ubora, picha inapauka, halafu inaganda. Kama ruta yako ina mpangilio wa SQM, unaozuia foleni hiyo kurefuka, uwashe na uweke takriban asilimia 90 ya kasi uliyopima, kushusha na kupakia. Kamera nazo zirekodi zinapoona mwendo tu, au zihifadhi kwenye diski ya ndani.

Kwa usalama, kamera na plagi ziwekwe kwenye mtandao wa wageni, ile Wi-Fi ya pili ambayo ruta huitenga na mtandao mkuu. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta zilizobakia na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo ikatumika kuishambulia Dyn, kampuni inayoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hata tovuti kubwa zikawa hazifunguki. Lakini runinga na simu ziwe mtandao mmoja. Simu huitafuta runinga kwa jumbe fupi zisizovuka mtandao wake, na mtandao wa wageni kwa kawaida huzuia vifaa kuonana. Ndiyo maana kitufe cha kurusha video kutoka kwenye simu hutoweka bila maelezo.

Tunaudhika zaidi na yale mnunuzi asiyoambiwa dukani. Runinga nyingi hutambua kinachoonekana kwenye kioo, hata kinachotoka kwenye kisimbuzi kupitia HDMI, na kumpelekea mtengenezaji taarifa. Mwaka 2017 Vizio, kampuni ya runinga ya Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Jina la mpangilio huo hutofautiana. Utafute kwenye faragha au matangazo, uuzime. Kisanduku cha kuchomeka kwenye runinga kilichoandikwa 4K nacho, kama Widevine yake (mfumo wa kulinda video zisinakiliwe) ni ya ngazi ya chini, L3 tu, Netflix hukipa picha ya ubora wa kawaida, hata laini iwe na kasi gani.

Kisha kuna umri wa programu. Kioo kinaweza kudumu miaka kumi, lakini Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za zamani za Samsung ambazo kioo chake kilikuwa kizima. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji aseme atatoa masasisho ya usalama hadi lini, na inakataza nywila za kiwandani zinazokisika kirahisi. Kwingineko kwingi mnunuzi hubaki kukisia.

Kwa hiyo, Mhariri, tuna ombi kwa ukurasa wako wa teknolojia. Mnapochambua runinga au kisanduku kipya, chapisheni mambo manne pamoja na ukubwa wa kioo: kama kina redio ya gigahezi 5, kasi ya tundu lake la waya, ngazi yake ya Widevine, na tarehe ya mwisho ya masasisho. Mtengenezaji asipoitaja tarehe hiyo, andikeni kwamba hakuitaja.

Mafundi wa mitandao ya majumbani