Barua kwa vijana wanaochanganya lugha za programu katika mradi mmoja

Wanangu,

Salaam nyingi. Nimesikia mradi wenu una Python kwenye seva na JavaScript kwenye kivinjari, na sasa mmoja wenu anataka kuingiza Rust. Sina ugomvi na kuchanganya. Hiyo Python ya kawaida mnayoitumia kila siku imeandikwa kwa lugha ya C. NumPy, maktaba ya Python ya hesabu (yaani mkusanyo wa programu zilizokwisha kuandikwa), ikizidisha matriki kubwa, yaani majedwali ya namba, kazi nzito inashuka kwenye C na kwenye maktaba ambazo asili yake ni Fortran, lugha iliyotoka mwaka 1957. Kila moja imepewa kazi inayoiweza.

Ninachokiogopa ni mpakani, pale lugha moja inapoikabidhi nyingine mzigo.

Niliwahi kukesha siku tatu kwa ajili ya namba moja ya muamala. Python ilituma 9007199254740993, kivinjari kikapokea 9007199254740992. Hakukuwa na ujumbe wa kosa wala programu kusimama. Mteja alifungua tu risiti ya mtu mwingine. Python hubeba namba nzima ya urefu wowote. Namba ya kawaida ya JavaScript, ikishavuka 9007199254740991, haina tena uhakika wa tarakimu ya mwisho. Kila upande ulifuata sheria zake. Tuliokosea ni sisi, tuliodhani namba ni namba popote iendako. Dawa ikawa kuituma kama maandishi, ndani ya alama za nukuu. Twitter nao waliongeza namba za aina hiyo kwa maandishi mwaka 2010, kwa sababu hiyohiyo.

Basi kila mpaka uandikieni majaribio yake, na namba kubwa ziwemo, na majina yenye herufi za Kiarabu pia. Mkifika kwenye C, semeni wazi ni nani anayeiachia kumbukumbu ya kompyuta iliyoombwa. Wawili wakiiachia, programu inaanguka, na asipokuwepo wa kuiachia, inavuja polepole hadi seva inazidiwa.

Na wewe mwanangu wa Rust, usivunjike moyo. Kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kilianza mwaka 1991 kikiwa cha C, na Rust ikaingia humo katika toleo la 6.1, lililotoka Desemba 2022, ikianza na kipande kidogo. Nawe niletee kipande kimoja, na muda uliopima kabla na baada, na mwenzako mmoja anayeweza kukirekebisha ukiwa likizo. Tutakaa wote watatu tukisome mstari kwa mstari.

Mzee wenu