Gari la mtumba na barua isiyomfikia mwenyewe

Mhariri,

Habari za magari kuungua karibu zote huishia hapa: "chanzo kinasadikiwa kuwa hitilafu ya umeme." Mimi ni fundi umeme wa magari na kauli hiyo hunikera, kwa sababu hitilafu nyingine kiwanda kinazijua na kimekwisha kuzitangaza.

Angalia magari yapatayo milioni 3.4 ya Hyundai na Kia ambayo Septemba 2023, huko Marekani, watengenezaji walitoa wito yarudishwe kutengenezwa. Oili ya breki ilikuwa ikivuja ndani ya kifaa cha ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki ghafla, na kuleta shoti. Gari linaweza kushika moto hata likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni, ndiyo maana wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba. Tiba yake? Fyuzi nyingine, bure. Haizibi uvujaji, lakini hupunguza umeme unaoweza kupita. Kazi ndogo kabisa, ilimradi mwenye gari awe amepata barua ya wito huo.

Na barua hufuata jina lililoko kwenye usajili. Mteja wangu mmoja aliniletea gari la mtumba, taa ya ABS inawaka. Nilipochomoa plagi ya kile kifaa ilikuwa imelowa oili, pini mbili nyeusi tii. Tukaingiza namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17, kwenye tovuti ya mtengenezaji: gari lilishaitwa zamani, kabla yeye hajalinunua. Muuzaji alikaa kimya, na nani angemlazimisha kusema? Hata Marekani, sheria ya shirikisho inamkataza muuzaji kukabidhi gari jipya lenye wito ambao haujatekelezwa, ila la mtumba haimkatazi. Kampuni kubwa za kukodisha magari, nazo zimekatazwa kukodisha gari la namna hiyo. Kwa hiyo anayekodi gari kwa siku mbili analindwa kuliko anayelinunua kwa akiba yake yote!

Ninachoomba si kigumu. Namba ya chesisi ikaguliwe kila gari linapobadilisha jina, na tena kwenye ukaguzi wa kawaida. Lenye wito wa hatari ya moto lisipewe mmiliki mpya mpaka litengenezwe. Ujerumani wanakwenda mbali zaidi: anayepuuza wito mzito wa usalama anaweza kuzuiwa kabisa kuliendesha gari lake. Gharama ya matengenezo abaki nayo mtengenezaji, hata kama gari limepita mikono minne.

Fundi umeme wa magari