Gwamaka, kabla hujafika Tunduma

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu Gwamaka,

Dada yako kaniambia kichwa kilikubana ukiwa Mafinga, ukameza Panadol ukaendelea na lori. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utasema "sawa mama" halafu ukate.

Ya baba yako sirudii. Ila hukuwepo daktari aliponichorea ule mshipa wa kichwani: umetuna ubavuni kama tairi lenye nundu. Nundu ikipasuka kichwa hakiumi kidogo kidogo. Ni ghafla, ndani ya dakika moja ni kama umepigwa rungu kisogoni. Shingo inakakamaa, unatapika, mwanga hautazamiki. Kikija hivyo simamisha gari, wakupeleke penye CT scan, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Ndani ya saa sita za kwanza damu inaonekana vizuri, siku zikipita inafifia. Baba yako tulimfikisha siku ya tano. Pale pa kwanza walisema malaria, na Panadol za usiku ule zilitoka kwenye kabati langu. Picha haikuonyesha kitu, ikabidi wamchome sindano ya mgongo. Maji yakatoka ya manjano, kama chai ya rangi iliyozidi maji. Ndipo wakajua damu ilivuja kichwani.

Wengine hupitishiwa waya laini kutokea kwenye nyonga hadi kichwani, nundu inazibwa bila kufungua fuvu. Mshipa wa baba yako haukufaa kwa waya, wakafungua fuvu wakaubana kwa kibanio. Nikadhani yameisha! Kumbe bado dawa, nimodipini, kila baada ya saa nne, siku 21, asije akapooza mishipa ikijikaza. Saa nane za usiku nilikuwa naamka kabla ya nesi.

Sasa sigara. Kanisani natamba kwamba mwanangu anavusha lori hadi Lubumbashi, lakini mashati yako nafua mimi, na pua ninayo. Sigara na presha ndivyo vinavyoitunisha hiyo nundu. Na shangazi yako alianguka shambani jembe mkononi, tukasema karogwa. Mimi nilisema kuliko wote. Daktari anasema wakiwa wawili kwenye familia, ndugu zao na watoto wao waulizie kupigwa picha.

Baba yako anauliza mbolea ya viazi. Mkono wa kushoto bado mzito, ila jana kamenya ndizi mwenyewe, akanifokea kisu ni butu. Jiko linavuja tena. Hela ya bati usitume, kapimwe presha nayo kwanza, kabla ya mpaka. Na ukifika Tunduma piga, hata ikiwa usiku.

Mama yako