Mabango ya Soweto yasiishie kwa mchwa

Ndugu Mhariri,

Uvunguni mwa kitanda changu hapa Ngamiani nina kipande cha katoni ya sabuni. Mwaka 1976, polisi wa makaburu walipowapiga risasi watoto wa shule Soweto, Afrika Kusini, sisi wanafunzi wa hapa Tanga tuliandamana, nami nikabeba katoni hiyo. Herufi nilizichora kwa masizi ya chungu yaliyokorogwa na uji wa muhogo: SOWETO DAMU YETU. Nafasi iliniishia, U ya mwisho imebanwa pembeni, ndogo kama punje ya mtama. Chini pana doa la kahawia, jasho la viganja vyangu.

Mabango ya wenzangu yalirundikwa stoo ya shule. Miaka michache baadaye tulipoyaulizia, mchwa walikuwa wameshayala, na mabaki yamewashiwa moto wa uji. Uchungu ule ninao hadi leo.

Wenzetu Marekani hawakusubiri. George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, waandamanaji wa Washington walitundika mabango yao kwenye uzio wa Lafayette Square, mbele ya Ikulu. Mwezi Juni tu, watu wa makumbusho ya Smithsonian walishafika pale kukusanya. Mwaka 2021 watu wa kujitolea waliokoa mamia ya mabango hayo, na maktaba ya Enoch Pratt ya Baltimore ikasaidia kuyapiga picha. Huko Minneapolis zimetunzwa hata plaiwudi zilizoziba madirisha ya maduka, kwa sababu wasanii walizichora. Plaiwudi, Mhariri, ambayo hapa tungeezekea banda la kuku!

Naiomba Makumbusho ya Urithi, pale Boma la zamani, itenge Jumamosi moja tulete tulivyonavyo: mabango, vitambaa, picha. Nyuma ya kila kimoja liandikwe kwa penseli jina la aliyekibeba na barabara alizopita. Madoa yasifutwe, nayo ni sehemu ya habari. Na tafadhali, yasifungiwe ndani ya plastiki. Kwa unyevu huu wa pwani yataota ukungu.

Tuliobeba tumeshavuka sitini. Mwezi uliopita tumemzika aliyekuwa akituongozea nyimbo siku ile, na sanduku lake la makaratasi sijui wanawe wamelipeleka wapi.

Langu nimeshalifunga kwenye kanga, nangojea siku itajwe.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga